BBS ya laini ya simu nyumbani: yanayodhaniwa na yalivyo hasa

Kompyuta moja, modemu moja (kifaa kinachopitisha data ya kompyuta kwenye simu) na laini moja ya simu vinatosha kuanzisha BBS, yaani ubao wa ujumbe na mafaili ambao watu huuingia kwa kuupigia simu. Mpigaji anapiga namba ya nyumba, modemu mbili zinasalimiana, naye anasoma ujumbe, anaacha wake, anachukua faili na kukata. Hakuna intaneti katikati. Mara nyingi inapoharibika, kosa si la kompyuta wala la programu. Kompyuta na modemu zimeshindwa kuelewana juu ya jambo moja tu: mpigaji bado yupo, au ameshaondoka?

Dhana: Lazima uwe na kompyuta yenye nguvu.

BBS ya kwanza, CBBS, iliwashwa na Ward Christensen na Randy Suess huko Chicago mwezi Februari 1978. Ilikuwa kompyuta ya biti 8 yenye diski za flopi na modemu ya biti 300 kwa sekunde. Kwa laini moja, mashine ya 286, kompyuta ya miaka ya 1980, yenye kilobaiti 640 za kumbukumbu inafanya kazi bila kuhema.

Cha kuangalia ni chipu ya poti ya COM, tundu la kompyuta linalounganishwa na modemu. Chipu za zamani, 8250 na 16450, hushika baiti moja tu inayoingia. Poti ikienda kwa biti 38400 kwa sekunde, baiti mpya inafika kila baada ya maikrosekunde 260 hivi. Kompyuta ikichelewa kidogo, labda inaandika kwenye diski, baiti iliyokuwa inasubiri inafutwa na inayofuata. Mpigaji ataona faili lake linarudiwa vipande kila mara na atailaumu laini. Chipu ya 16550A ina nafasi ya baiti 16, yaani takriban milisekunde 4 za kupumua. Ukiwa na modemu ya 9600 au zaidi, badilisha chipu kabla ya kufikiria kubadilisha kompyuta.

Dhana: Modemu ikiweza kupiga simu, itaweza pia kupokea kwa ajili ya BBS.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Modemu ya kupiga unaikalia mwenyewe, na ikigoma unaizima. Modemu ya BBS inabaki peke yake usiku kucha, kwa hiyo lazima iseme kweli kuhusu laini na itii inapoambiwa ikate.

Ukweli huo unapita kwenye waya unaoitwa CD. Kwa amri ya AT&C1, modemu huwasha CD pale tu inaposikia modemu ya upande wa pili, na kuizima inapoipoteza. Kwa AT&C0, CD huwaka muda wote. Tazama kinachotokea hapo: mpigaji wa kwanza laini yake inakatika akiwa katikati ya menyu. Programu haijui, inamsubiri. Anapiga wa pili, modemu inapokea, naye anajikuta ndani ya akaunti ya yule wa kwanza bila kuulizwa nywila. Kama wa kwanza alikuwa mwendeshaji, mgeni huyo sasa ana mamlaka yote ya BBS.

Utii nao unapita kwenye waya wa DTR. Kwa AT&D2, programu ikiushusha DTR, modemu inakata simu. Kwa AT&D0 modemu haijali, na laini inabaki imeshikwa hadi mtu aje aizime kwa mkono.

Kuhusu kupokea, ATS0=1 huiambia modemu ipokee yenyewe mlio wa kwanza. Ni rahisi, lakini programu ikiganda, modemu itaendelea kupokea na kila mpigaji atalipia ukimya. Ni heri kuweka ATS0=0, ili programu isubiri neno RING kisha itume ATA, amri ya kupokea. Programu ikifa, simu inalia tu na hakuna anayetozwa.

Mipangilio hii haina faida kama kebo haina nyaya zake. Kebo za bei rahisi huwa na nyaya tatu tu: kutuma, kupokea na ardhi. Pima kila pini kwa kipima umeme. Kwenye kiunganishi cha pini 9, CD ni pini ya 1, DTR ya 4, RTS ya 7 na CTS ya 8; hizi mbili za mwisho ndizo kompyuta na modemu huambizana subiri au endelea. Kwenye cha pini 25, ni 8, 20, 4 na 5 kwa mpangilio huohuo. Na iwe kebo ya moja kwa moja; ile inayovusha nyaya ni ya kuunganisha kompyuta kwa kompyuta.

Halafu fanya jaribio hili kabla ya kumpa mtu yeyote namba. Piga kutoka mahali pengine, ingia hadi kwenye menyu, kisha chomoa waya wa simu upande wa mpigaji. Taa ya CD izimike ndani ya sekunde chache na programu irudi kusubiri simu. Rudia ukiwa ndani ya mchezo ulioko kwenye BBS, kwa sababu michezo mingi haiangalii CD. Kama inakwama hapo, washa ulinzi wa dreva ya FOSSIL (programu inayounganisha BBS na poti) unaoanzisha kompyuta upya laini inapokatika, na uhakikishe AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazotekelezwa kompyuta inapowaka, inaiwasha BBS yenyewe. Hilo litakuokoa hata umeme unapokatika na kurudi.

Dhana: Kasi ya poti iwe sawa na kasi ya simu.

Ilikuwa hivyo enzi za 300 na 1200. Modemu zenye V.42bis, kanuni ya kubana data, hubana maandishi njiani, kwa hiyo modemu ya 14400 inaweza kuikabidhi kompyuta data kwa kasi inayopita hiyo. Funga poti kwenye 38400 au 57600 na uiache hapo, simu iwe ya kasi yoyote. Udhibiti wa mtiririko, yaani namna ya kusema subiri au endelea, uwe wa RTS/CTS. Ule wa XON/XOFF hutumia baiti za 17 na 19 kama amri, na baiti hizo zimo ndani ya mafaili ya kawaida. XMODEM, njia ya kuhamisha mafaili, ikikutana nazo, upakuaji unasimama katikati bila maelezo.

Usitarajie faili la ZIP liende haraka kwa sababu ya ubanaji huo. Limeshabanwa, halibaniki tena. MNP5, kanuni nyingine ya kubana, hata huliongeza ukubwa.

Dhana: Modemu mbili za 56K zitapeana 56K.

Hapana. V.90, kanuni ya modemu za 56K, inataka upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali na kampuni ya simu. Modemu mbili za nyumbani kwenye laini za kawaida zinaishia 33600.

Dhana: Poti ya COM3 ni poti huru.

Kwenye mashine nyingi za DOS, COM1 na COM3 hushiriki IRQ 4 (IRQ ni njia ambayo kifaa huiita kompyuta), na COM2 na COM4 hushiriki IRQ 3. Kipanya kikiwa COM1 na modemu COM3, BBS itafanya kazi vizuri hadi siku mtu atakapogusa kipanya mpigaji akiwa hewani. Weka modemu COM2.

Dhana: Ukiwakatia watu muda, watakimbia.

Wanakimbia wanapokuta laini imeshikwa kila wapigapo. Kwa modemu ya 2400, megabaiti moja inachukua takriban dakika 73. Ukimpa kila mtu dakika 45 kwa siku, laini moja haiwezi kuhudumia zaidi ya watu 32, hata kama wangepokezana usiku na mchana bila pengo. Wape pakiti za QWK, mafungu ya ujumbe ya kupakua, wasome na kujibu ujumbe wakiwa wamekata. Tumia ZMODEM, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, ambayo huendelea pale faili lilipokatikia, ili mtu asianze upya.

Dhana: Laini ya simu ya intaneti ni sawa na ile ya waya.

Sikio la mtu halioni tofauti, modemu inaiona mara moja. Chagua kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, maana G.729 huiharibu sauti ya modemu kabisa. Zima ufutaji wa mwangwi na ukandamizaji wa ukimya, na bafa ya kusawazisha ucheleweshaji iwe ya kiwango kisichobadilika. Hata hapo, simu ikikatika mara kwa mara, ishushe modemu hadi 9600, na ikibidi 2400. Anza chini, simu ishike saa nzima bila kukatika, ndipo upande ngazi moja moja.