Nyani wa Baboon Cliff na hii stori ya "hata wanyama hawafanyi hivyo"

Mimi huendesha watalii hapa Nakuru, na mgeni akiingia mbuga ya ziwa lazima apandishwe Baboon Cliff. Ukitulia pale juu kuna siku utaona nyani dume anamwendea dume mwenzake mbio, anachezesha midomo, anamgeuzia makalio, mwenzake anampanda ama anamshika sehemu za siri, alafu kila mmoja anaenda zake. Ndio hapo mtu kwa gari, mara nyingi Mkenya mwenzangu, anasema huyo amechanganyikiwa. Inaniuma, juu "hata wanyama hawafanyi hivyo", ile watu husema kupinga mapenzi ya jinsia moja, nimeisikia kwa matatu, kanisani, hadi matangani, na si kweli.

Tena kitu chenyewe kimechunguzwa hapa hapa kwetu. Watafiti Barbara Smuts na John Watanabe waliwafuata nyani wa Eburru Cliffs karibu na Gilgil, na mwaka wa 1990 wakaandika kwamba hizo ni salamu. Dume mwenye chonge ndefu vile, ambaye anaweza kukurarua saa hiyo hiyo, akikubali kushikwa pale anaonyesha amekuamini. Kulikuwa na madume wawili wazee wakisalimiana kwa zamu, huyu akimshika yule na yule akimshika huyu, na hao ndio walikuwa wakiungana kunyang'anya vijana wenye nguvu majike.

Wengine husema basi ni kukosa majike. Huko Cayo Santiago, kisiwa cha Puerto Rico, kuna tumbili aina ya rhesus wanaishi huru na majike wako tele, na watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo 2023 baada ya kufuatilia madume 236: 72% walionekana wakipanda madume wenzao, wakati waliopanda majike ni 46%. Na waliopandana ndio waliteteana zaidi kwa vita.

Sasa ile hoja watu hudhani ni ya sayansi: haizai watoto, kwa hivyo mageuzi (evolution) yangeshaiondoa. Hapo watu wanafikiria mnyama hupanda madume tu ama majike tu, kumbe wale tumbili dume ni yule yule mmoja anafanya yote mawili, na hawakupatikana kuwa na watoto wachache kwa sababu hiyo. Mageuzi hayahesabu tendo moja moja, yanahesabu umeacha wazao wangapi maisha yako yote, na kuwa na rafiki wa kukutetea ni sehemu ya hiyo hesabu. Bonobo wa Kongo, jamaa wa sokwe, majike husuguana sehemu za siri wakikuta chakula kingi mahali pamoja, joto linashuka wanakula, na huo umoja wao ndio unafanya madume wasiwaonee ovyo.

Lakini pia nawaambia wale wa upande ule mwingine, msichukue nyani kama ushahidi kwamba jambo ni halali. Nyani dume pia huua watoto wachanga, hakuna mtu anaiga hiyo. Na salamu ya nyani si sawa na binadamu anayependa jinsia yake miaka yote, hayo ni mambo mawili.

Kwa binadamu, "jeni ya ushoga" moja haipo. Utafiti wa 2019 uliopima karibu watu 500,000, wengi wa Uingereza na Marekani, ulipata jeni nyingi sana na kila moja inachangia kidogo mno, huwezi kumpima mtu ujue atapenda nani.

Na mama msiendelee kulaumiwa eti mlimdekeza kijana. Watafiti Ray Blanchard na Anthony Bogaert waliona tangu miaka ya 1990 kwamba kila kaka mkubwa anaongeza uwezekano wa mdogo wake kupenda wanaume kwa kama theluthi moja, theluthi ya kitu kidogo, kwa hivyo wadogo wengi kabisa bado wanapenda wanawake. Mwaka wa 2006 Bogaert akaangalia familia za kulea na za kambo: kaka wasio wa mama mmoja hawakuleta tofauti hata kama walilala chumba kimoja, na wale wa tumbo moja waliileta hata kama walilelewa mbali, yaani inaelekeza tumboni, si kwa malezi.