Ruhusa Itolewe Kabla ya Uchungu: Dhana Potofu za Waume Kuhusu Uzazi

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kauli ninayoisikia mno kutoka kwa waume wa wajawazito ninaowahudumia ni kwamba mimba ni shughuli ya wanawake, na mwanamume atatoa nauli siku uchungu utakapoanza. Nimechoka kuisikia, kwa sababu nayajua madhara yake.

Ukweli ni kwamba siku hiyo fedha peke yake haitoshi. Zahanati za vijijini kwa kawaida hazifanyi upasuaji wala kuongeza damu, hivyo mama mwenye tatizo hupewa rufaa, na kutoka baadhi ya vijiji vya kusini mwa Wilaya ya Uvinza safari hiyo hupita majini, kwa boti inayohitaji mafuta, nahodha na ziwa lililotulia. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2 asipotibiwa. Mume akiwa ameshaingia ziwani na taa zake kuvua dagaa, simu yake haipatikani, na mama mkwe anaogopa kumsafirisha mke wa mtu bila idhini, saa hizo zote huishia katika kusubiriana.

Kwa hiyo nawasihi waume watoe ruhusa mapema, wakati mimba ingali changa, mbele ya mama mkwe na jirani mwenye simu, ili mke aondoke mara dalili ya hatari inapojitokeza: kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu au mtoto kupunguza kucheza. Mume azijue dalili hizi yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayelala naye. Apatane na mwenye boti au pikipiki, atafute ndugu wenye afya njema watakaokubali kuchangia damu, na aihifadhi namba 115 ya usafiri wa dharura wa M-mama, ambayo hupigwa bila malipo.

Wengine husema, “Huyu ameshazaa sita, amezoea.” Mazoea hayo hayamlindi, kwani kadiri uzazi unavyoongezeka ndivyo hatari ya kuvuja damu baada ya kujifungua inavyokua.

Wapo pia wanaodhani majibu ya mke ya VVU na kaswende ni majibu yao. Wenza wanaweza kuwa na majibu tofauti, na mke aliyetibiwa kaswende anaweza kuambukizwa tena ikiwa mume mwenye ugonjwa huo hakutibiwa. Mje kliniki pamoja kabla ya wiki ya 12. Mume asipoweza, mke asibaki nyumbani kumngoja.

Kuhusu imani kwamba uchungu hurefuka kwa sababu mke alizini, hilo halina ukweli wowote. Uchungu hurefuka kwa sababu kama nyonga nyembamba, mtoto kulala vibaya au mji wa mimba kutosukuma vya kutosha, na kumlazimisha mama aungame ni kumchelewesha kufika hospitali.

Mwisho, kuna wanaoamini kuwa mtoto akishalia kazi imekwisha. Saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa zaidi kwa mama na mtoto, na kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya kujifungua. Mwenye boti aliyepatana nawe aombwe aendelee kuwa tayari kwa wiki kadhaa baada ya hapo.