Bitumeni huzeeka kabla gari la kwanza halijapita

"Pasha lami zaidi, safari ni ndefu." Mvua zikianza Goma, maneno haya hayakosi kwenye shantie (eneo la ujenzi wa barabara), na pacha wake ni yale ya kwamba gudroni, yaani lami, huharibiwa na jua baada ya barabara kufunguliwa. Nimechoka kuyasikia. Pigo kubwa kuliko yote bitumeni, gundi nyeusi inayoshikanisha mawe ya lami, hulipata ndani ya malaksa (mashine ya kuichanganya na mawe), kwa sekunde 30 hadi 45.

Kwenye tangi, bitumeni ya daraja la 50/70 inaweza kukaa digrii 160 siku kadhaa bila kubadilika sana, kwa kuwa hewa inaigusa juu tu. Malaksani inatandazwa kwenye mawe ya moto, utando wa maikroni chache, hewa imeizunguka. Mafuta mepesi yanapaa, asfalteni, sehemu yake nzito na ngumu, zinaongezeka. Kiwango cha Ulaya kinakubali penetresheni yake (kina ambacho sindano huzama ndani yake, kipimo cha ulaini) ishuke hadi nusu baada ya jaribio la tanuri la digrii 163, linaloiga malaksa. Nusu! Na hapo hakuna aliyekosea.

Sasa ongeza moto. Juu ya digrii 100, kila digrii 10 hufanya oksidesheni iende kasi karibu mara mbili. Mawe yaliyonyeshewa yakitoka kwenye drayeri, pipa la kuyakausha kwa moto, yakiwa na digrii 195, joto hilohilo ndilo linaloipokea bitumeni, maana mawe ni karibu asilimia 95 ya uzito. Kamio (lori) inafika kwenye finisha, mashine ya kutandaza lami, na digrii 150, mkaguzi anachomeka kipimajoto, anaandika "sawa". Sawa kwa kushindilia, basi. Yaliyoipata bitumeni kule santrali, kiwanda cha kuchanganyia lami, kipimajoto hicho hakiyajui. Moshi wa buluu na mchanganyiko usiong'aa vingemwambia zaidi.

Safari ndefu? Funga bashi (turubai) hadi pembeni, punguza foleni ya kamio. Katikati ya shehena hewa ni kidogo, kwa hiyo uzee huko unakwenda polepole.

Balaa jingine ni jiwe letu. Lava ya Nyiragongo yenye matundu hunywa bitumeni, na njiani inaendelea kunywa. Utando unaobaki nje ni mwembamba, nao huzeeka upesi. Anayenakili kipimo cha bitumeni kilichotengenezewa granite anajidanganya. Mchanganyiko ambao haujashindiliwa ukae kwenye tanuri kwa muda wa saa mbili, kwa joto la kushindilia, ndipo upime densiti ya juu kabisa (ile ya mchanganyiko usio na uwazi wa hewa).

Jaribio la tanuri nalo siliamini lote: digrii 163 kwa kila santrali, chupa ya kioo, hakuna jiwe la kunywa. Na ugumu si hasara tupu. Kwenye barabara ya Lubumbashi–Kasumbalesa, chini ya malori ya madini, unazuia mifereji ya magurudumu. Shida huja kompakta, mashine za kushindilia, zikiacha uwazi unaozidi asilimia 8: hewa na maji hupenya, na bitumeni iliyokwisha kukakamaa haina tena mnyumbuko wa kupoteza.

Kata kore (kipande cha mviringo cha lami iliyoshindiliwa) wiki ileile ya kazi, toa bitumeni, pima penetresheni. Ikiwa chini ya nusu ya ile ya tangini, usimlaumu dereva wa kompakta. Nenda kwenye drayeri.