Chenga na Upana wa Mwanga: Kamera Mpya Inaizidi ya Zamani kwa Lipi?

Swali tunaloulizwa mara kwa mara na wapiga picha wanaokuja kutaka ushauri ni hili: nikiuza kamera yangu ya miaka kumi nikanunua mpya, chenga zitakwisha? Wauzaji hujibu ndiyo bila kusita. Sisi hulazimika kwanza kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Kuna chenga, yaani vidoadoa vinavyojitokeza ukipiga picha penye mwanga hafifu, na kuna upana wa mwanga, yaani umbali kati ya weupe wa mwisho na weusi wa mwisho ambao kamera inaweza kuushika katika picha moja. Mambo haya hayakuboreka kwa wakati mmoja. Kizazi kimoja cha kamera kinaweza kupiga hatua kubwa kwa hili na kubaki palepale kwa lile.

Sehemu kubwa ya chenga za usiku haitoki kwenye kamera. Inatoka kwenye mwanga wenyewe. Mwanga hufika chembe mojamoja, ziitwazo fotoni, na chembe hizo haziji kwa mpangilio. Tega sufuria mbili zinazolingana uani wakati wa manyunyu: hazitapata idadi moja ya matone. Vivyo hivyo pikseli mbili jirani, yaani nukta ndogo za kamera zinazopokea mwanga, zikitazama ukuta uleule, huhesabu tofauti. Kiasi cha kuyumba huko ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Pikseli iliyopata fotoni 10,000 huyumba kwa 100 hivi, sawa na asilimia 1. Iliyopata fotoni 100 huyumba kwa 10, nayo ni asilimia 10. Ndiyo maana kwenye giza chenga huonekana zaidi. Kwa hiyo si sahihi kuilaumu ISO, yaani mpangilio wa kamera wa kung'arisha picha mwanga unapokuwa mchache. Tunaipandisha kwa sababu mwanga ni mchache, na uchache huo ndio chanzo.

Uboreshaji wa upande huu una ukomo wake. Vihisi vya leo, yaani vile vipande ndani ya kamera vinavyobeba pikseli, hunasa karibu nusu ya fotoni zinazovifikia, au zaidi. Hata mhandisi akibuni kihisi kinachonasa zote, faida itakuwa kama stopu moja tu, yaani mwanga kuongezeka maradufu mara moja. Anayekuahidi nafuu ya stopu tatu usiku kwa kihisi cha ukubwa uleule, mwulize mbili zilizobaki zinatoka wapi. Mara nyingi hutoka kwenye programu ya ndani ya kamera inayolainisha picha za JPEG, zile ambazo kamera imekwisha kuzichakata, na ulainishaji huo hufuta chenga pamoja na nyuzi za kitambaa na umbile la ngozi. Mpiga picha wa kumbi anayetaka stopu mbili za kweli atazipata kwa kutoka lenzi ya f/2.8 kwenda ya f/1.4, yenye tundu pana zaidi, hata kama kamera yake ni ya 2012.

Upana wa mwanga una hesabu nyingine. Chukua idadi kubwa kabisa ya elektroni, chembe za umeme zinazozalishwa na mwanga, ambazo pikseli inaweza kubeba kabla ya kufurika, igawanye kwa chenga zinazoongezwa na saketi wakati wa kuisoma. Pikseli inayobeba elektroni 60,000 na kusomwa kwa chenga za elektroni 30 ina uwiano wa 2,000 kwa 1, ambao ni stopu 11. Shusha chenga hizo hadi elektroni 4, usiguse kitu kingine chochote, na uwiano unafika 15,000 kwa 1, karibu stopu 14. Hapa hakuna ukomo wa mwanga uliotuzuia. Ni kazi ya saketi tu, na ndiyo sababu upande huu uliweza kuruka kwa kishindo.

Historia ya Canon na Nikon inalionyesha jambo hili wazi. Canon EOS 5D Mark II ilitoka mwaka 2008, na Mark III ikafuata 2012. Kikomo cha kawaida cha ISO kilipanda kutoka 6400 hadi 25,600, na wengi wakaamini kila kitu kimepanda nacho. Lakini kwenye ISO ya chini, vipimo vya DxOMark, wapimaji wa kamera, ambavyo hupunguza picha zote hadi ukubwa mmoja kabla ya kulinganisha, viliipa Mark II stopu 11.9 na Mark III stopu 11.7. Miaka minne, na hakuna kilichoongezeka. Mwaka huohuo wa 2012 Nikon D800 ilipata 14.4.

Tofauti ilikuwa mahali ambapo umeme wa pikseli hugeuzwa kuwa namba. Katika Canon za wakati ule, ishara ilitolewa nje ya kihisi kwa njia chache zinazokimbia kasi, ikaokota chenga safarini. Sony ilikuwa imeonyesha njia nyingine tangu 2007 kwa vihisi vyake vya Exmor: kila safu wima ya pikseli ina kigeuzi chake humohumo ndani ya kihisi, na ishara haisafiri mbali. Canon ilipohamishia ugeuzaji ndani ya kihisi, 5D Mark IV ya 2016 ikafika stopu 13.6.

Kwa mpiga picha wa harusi hayo si mambo ya maabara. Bibi harusi yuko kwenye shela jeupe, bwana harusi kwenye suti nyeusi, jua liko utosini, na nyuso zao ni nyeusi. Ukipima mwanga kulinda shela, suti na nyuso huzama, nawe huziinua baadaye kwenye kompyuta. Faili la Mark III litatoa chenga na michirizi ndani ya suti. La D800 litainuka safi. Jioni ukumbini, kwenye ISO 6400, kamera hizohizo mbili karibu zinalingana.

Na upya wenyewe si dhamana. Nikon Z6III ya 2024 husoma kihisi kwa kasi kubwa kuliko Z6II, lakini upana wake wa mwanga kwenye ISO ya chini umepungua. Kwa mpiga picha wa mpira hilo ni badilishano zuri. Kwa anayepiga mandhari na majengo, sivyo.

Ukitaka kujaribu mwenyewe kamera iliyotumika kabla ya kulipa, piga faili ghafi (raw), ambalo kamera haijalichakata, si JPEG. Tumia tundu la lenzi na spidi ya shata zilezile kwa kamera zote mbili, yako na hiyo, kisha punguza picha zote hadi megapikseli sawa. Anayelinganisha megapikseli 36 na 12 kwa kukuza hadi asilimia 100 anaionea ile ya 36, kwa kuwa kila pikseli yake ni sehemu ndogo zaidi ya picha. Halafu rudia kwenye ISO 100 ukiwa umepunguza mwanga kwa stopu nne, na uipandishe picha kwa stopu nne kwenye programu. Tazama vivuli. Chenga zilizotawanyika ovyo hulainishika kwa urahisi. Mistari iliyonyooka, ya kulala au ya kusimama, karibu haiondoki.