Kwanini boksi la kilo 6 unachajiwa kilo 24

Jamani hili swali tunaulizwa kaunta ya kutuma mizigo kwa ndege kila siku na hasira ya mtu naielewa kabisa, umepima mzigo nyumbani mizani ikasoma kilo 6, unafika ofisini unaambiwa lipia 24, lazima uhisi unapigwa. Hupigwi, unalipia nafasi.

Ndege ukiipakia mito na mapampasi inajaa mpaka juu wakati uzito bado kabisa, na ile nafasi ndo biashara yenyewe. Ndo maana mzigo unapimwa mara mbili, uzito wa mizani na uzito wa ujazo, afu unalipia ule mkubwa.

Juzi kuna mama kaleta boksi la mito anamtumia mwanae Uingereza. Tukashika futi, urefu sentimita 60, upana 50, kimo 40. Zidisha zote unapata 120,000, gawa kwa 5,000 ambayo ndo inatumika sana kwenye kuria, yaani kampuni za kusafirisha vifurushi haraka, kilo 24 hizo. Kago ya kawaida ya ndege wengi wanagawa kwa 6,000, boksi hilohilo linakuwa kilo 20. Kwahiyo ukiuliza bei ya kilo uliza na "mnagawa kwa ngapi?", maana dola 10 kwa kilo 24 ni 240 na dola 11 kwa kilo 20 ni 220, yule aliyeonekana ghali ndo nafuu.

Yule mama tulimwambia mama yangu usilipe kwanza, akaenda kutafuta ile mifuko ya kunyonya hewa, mito ikalala kama chapati, boksi tukalikata kimo kikabaki 20. Akalipia kilo 12. Nilifurahi sana siku ile.

Giaboksi ya gari ni kinyume chake, kaboksi kadogo lakini mizani inalia, hapo unalipia mizani. Na kwenye meli hesabu ni CBM, yaani mita za ujazo, boksi la yule mama lingekuwa 0.12 tu, ila mzigo mzito kama tailizi wanakuhesabia tani 1 sawa na CBM 1.

Kingine, boksi usilishindilie mpaka litune tumbo, futi inawekwa pale lilipotuna sio kwenye kona. Kimo cha 40 kikituna kikafika 44 unatoka kilo 24 unaenda 26.4, na wengi wanapandisha mpaka nusu kilo inayofuata, inakuwa 26.5. Na kama unaagiza China mwambie muuzaji akutumie vipimo vya boksi la nje likishafungwa, vya bidhaa peke yake havitakusaidia.