Giaboksi ya DX: maneno ya barazani na ukweli wenyewe

Kila mwenye DX hapa Mombasa, nasema ile Corolla KE70 iliyoanza kutoka kiwandani 1979, lazima ashaambiwa na mtu "weka gia tano bana, gari itaruka". Na aliyemwambia mara nyingi hata gari hana. Nimechoka kujibu moja moja so wacha niyaweke yote hapa.

"Gia tano inaongeza mbio." Haiongezi. Ile ya gia nne iliyokuja na injini za K ni K40, ya gia tano ni K50, na ukiziweka sambamba gia nne za kwanza ni zilezile kabisa (namba ni mizunguko ya injini kwa mzunguko mmoja unaotoka giaboksi), ya kwanza 3.789, ya pili 2.220, ya tatu 1.435, ya nne 1.000. Kilichoongezwa ni ya tano peke yake, 0.865, na injini ni ileile 4K ya cc 1290, haijapata farasi hata mmoja. Piga hesabu: tairi ya 155 rimu 13 ikizunguka mara moja inakula kama mita 1.8, tuchukue difu ni 4.1, ukiwa 100 kwa saa injini inazunguka kama 3,800 kwa dakika kwenye ya nne na kama 3,300 kwenye ya tano. Hiyo 500 ndo umeinunua. Kelele zinapungua, mafuta yanapungua kidogo, injini inapumua ukiwa umeshapita Mariakani unaelekea Voi, lakini ukitaka kupita trela utarudi ya nne tu, na spidi ya mwisho ya gari pia utaipatia kwa ya nne maana ya tano kainjini kadogo hakana nguvu ya kuivuta. Sasa wewe ambaye safari zako ni Majengo kwenda Nyali na jam ya Buxton katikati hiyo ya tano utaiweka wapi? Mimi nasema K40 nzima ni bora mara kumi kuliko K50 iliyochoka.

"Corolla ni Corolla, chukua giaboksi ya 110", yaani ile Corolla ya miaka ya tisini. Hii nayo jamani. Kuanzia Corolla za 1983 Toyota walihamisha nguvu kwenye magurudumu ya mbele, ndugu wawili tu AE85 na AE86 ndo walibaki wa kusukuma nyuma. 110 injini yake imelala kwa upana, giaboksi na difu ni kitu kimoja, hamna propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwa difu ya nyuma. Kwa DX hakuna pa kuifunga, hata uwe na welda hodari namna gani. Na ndo maana spea zinasumbua, gari zinazoshuka Kilindini siku hizi lazima ziwe chini ya miaka 8, kwa hivyo kontena za spea nazo zimejaa vya gari mpya mpya, tena nyingi oto.

Halafu kuna wale wa "tafuta T50 ya AE86, inaingia yenyewe". Ndani ya gari inaenea sawa, hilo sibishi, lakini kwa injini ya K haikai. Belihauzi, lile koni la mbele linaloshika injini, la T50 ya 4A, injini ya AE86, limetobolewa matundu ya 4A. Na belihauzi ni mwanzo tu. Kabla hujatoa pesa chukua futi na kaliper uende nazo dukani upime: meno ya shafti ya mbele yanaingia kwa klachi pleti gani, ncha ya shafti inafika kwenye bearing ndogo ya nyuma ya krankshafti au inaning'inia, stiki ya gia inatokea wapi ukilinganisha na tundu la sakafuni kwako, mauntini ya nyuma iko wapi, klachi ni ya kebo au ya mafuta, kebo ya spidomita inashika au haishiki, na propela itabidi ikatwe au iongezwe kiasi gani. Propela ikikatwa lazima ibalansiwe. Fundi akikwambia haina haja mtafute mwingine, maana itatetemeka ikule kros (viungo vya propela) na sili ya nyuma ya giaboksi uliyoinunua jana.

Tena hata ikikaa, itakusaidia nini? T50 ya kwanza ni 3.587, ndefu kidogo kuliko ya K50 (namba ikiwa ndogo gia ni ndefu, nguvu ya kuondokea inapungua), na kwenye AE86 ya 4A-GE ilikuwa na injini ya cc 1587 yenye valvu 16 ya kuisukuma. W58 ya Supra ambayo vijana wanaitamani ndo zaidi, ya kwanza 3.285, nzito, imetengenezewa injini kubwa. Ifunge kwa 4K halafu nenda Likoni maji yakiwa yamekupwa, feri iko chini na ule mteremko umekuwa ukuta, uanze kupanda kutoka na matatu imekugusa bampa. Ukiwa na ya kwanza ndefu utashikilia klachi nusu nusu mpaka itoe harufu, na pleti hiyo itaisha kabla ya wakati wake. Ukitaka T50 weka na 4A yake, na difu inayoendana nayo.

"Gia zinalia, giaboksi imekufa." Pole pole. Washa injini, weka nyutro, sikiliza. Kelele ikiwepo mguu ukiwa nje ya klachi na ukikanyaga inapotea, hapo ni bearing ya shafti ya mbele. Ikiwa kimya na inaanza ukikanyaga, hiyo ni rilizi, bearing inayosukuma klachi ukikanyaga, kitu cha bei ndogo ukitoa gharama ya kushusha boksi. Rivasi ikikwaruza kila siku, klachi haiachii vizuri, angalia kebo kwanza. Stiki ikiyumba kama mwiko kwenye sufuria ya uji ni bushi ya plastiki chini yake imeisha, watu wanabadilisha boksi zima kwa sababu ya kabushi. Ila ya pili ikikwaruza ukishusha kutoka ya tatu na klachi ni nzima, hiyo ni sinkro kweli, ile ringi inayosawazisha mwendo wa gia kabla haijaingia.

Oili: "oili ya difu inatosha popote." Hiyo oili ya difu ni GL-5, ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu, sinkro za zamani nyingi ni za brasi na zinataka kusuguana kidogo ili gia iingie. Kuna vitabu vya gari vinaruhusu zote mbili, lakini ukiweka GL-4, ile ya giaboksi, hukosei.

Kushuka Mazeras na nyutro ati unaokoa petroli? Kwa kabureta labda unaokoa matone, gari ya EFI ukiacha gia ndani kompyuta inakata petroli yenyewe. Vyovyote breki zinabeba mzigo wote peke yake mpaka Miritini na trela ziko nyuma yako. Weka ya tatu ushuke.

Na mwenye oto anayetaka kuweka gia, "nabadilisha boksi tu": si boksi tu. Unahitaji pedali tatu na bano lake, flaiwili badala ya ile sahani nyembamba, bolti zake zenyewe kwa sababu za oto ni fupi, bearing ya mwisho wa krankshafti ambayo huenda haikuwekwa kabisa, na zile nyaya zinazozuia gari kuwaka isipokuwa iko P au N lazima ziunganishwe la sivyo utageuza ufunguo mpaka kesho. Waya wa taa ya rivasi pia uhamishe, swichi yake iko kwenye giaboksi yenyewe na mafundi wengi wanaiacha ikining'inia mpaka siku ya inspeksheni.