Je, wajua kwa nini maji ya kisima huitwa matamu ilhali hayana sukari?

Katika vijiji vya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kisima kipya kikishatoa maji, kitu cha kwanza ni kuyachota kwa kata na kuyaonja. Neno linalosubiriwa ni moja tu: matamu. Likitamkwa, kisima hujengewa na watu huanza kupanga ndoo. Lakini mwonjaji akisema yana munyu, maji hayo huachiwa kazi ya kuogea na kuoshea vyombo, na mwenye shamba hurudi kutafuta mahali pengine pa kuchimba.

Siri ya utamu huo imo katika kinyume chake, kwa sababu neno hili hubadili maana kulingana na kile kinacholinganishwa nacho. Chungwa tamu hulinganishwa na chungwa kali, na hapo sukari ipo kweli. Muhogo mtamu hulinganishwa na muhogo mchungu, na maji matamu hulinganishwa na maji ya chumvi. Katika mifano hii miwili ya mwisho, "tamu" halisemi kilichomo, bali linasema kisichokuwemo. Kiarabu, Kifaransa na Kijerumani nazo huyaita maji ya namna hii matamu, kwa hiyo hii si ajabu ya Kiswahili peke yake.

Ulimi unaopima maji hayo ni kipimo kizuri kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye madini yaliyoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida hupendeza kinywani, na yakizidi miligramu 1,000 huanza kukataliwa na wanywaji, ilhali lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Lakini maji yaliyokaribia kukosa madini kabisa hayapendezi pia, kwani kinywani huwa chapwa. Maana yake ni kwamba hayo tunayoyasifu kuwa matamu yana chumvichumvi zake kidogo, ila hazijafika kiasi cha kuukera ulimi.

Kwamba maji kama hayo yapatikane hatua chache tu kutoka ufukweni ni jambo linalostahili kuelezwa kwa utulivu. Mvua inaponyesha juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, maji yake hupenya chini hadi yanapokutana na maji ya bahari yaliyojaa ndani ya miamba, lakini hayachanganyiki nayo kwa urahisi, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takribani kilo 1.025 na ile ya maji ya mvua ina kilo moja. Basi yaliyo mepesi huelea juu ya yaliyo mazito. Mholanzi Badon Ghyben mwaka 1888, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walionyesha kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna takribani mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inafurahisha ikisomwa upande mmoja, na inatisha ikisomwa upande wa pili: pampu ikiyashusha maji ya juu kwa mita moja na kuyaacha hivyo, mpaka wa chumvi hatimaye unaweza kupanda kwa mita 40. Mji wa Lamu umetegemea kwa miaka mingi maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kwa maoni yangu kila jengo linalosimamishwa juu ya vilima hivyo ni deni litakalolipwa na kisima.

Wenyeji wa bara, hasa kandokando ya maziwa makuu, husema "maji baridi" kwa maana hiyohiyo. Sato na sangara ni samaki wa maji baridi hata pale ziwa linapokuwa vuguvugu.

"Safi" ni kipimo kingine kabisa. Kwa macho, maji safi ni yale angavu yasiyo na tope. Kwa mamlaka za maji nchini Tanzania, zinazoliandika "majisafi" kama neno moja, ni maji yaliyotibiwa na kupimwa. Halafu kuna twahara, yaani usafi kwa sheria ya Kiislamu, ambayo si utamu wala si uangavu. Maji ya bahari hayanyweki, lakini Mtume alipoulizwa kama yanafaa kutawadhia alijibu kwamba yanatwaharisha. Kwa upande mwingine, marashi ya mawaridi ni twahara na yananukia vizuri, wala hayafai kutawadhia. Hata hivyo ladha hairuhusiwi kuondoka moja kwa moja: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, maji yaliyofikia kiasi cha kulateni, yaani mitungi miwili mikubwa, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, isipokuwa yakibadilika rangi, harufu au ladha.

Hapa ndipo inapofaa kujua ulimi huaminika hadi wapi. Kwenye muhogo huaminika kwa sehemu kubwa, kwa sababu aina chungu kwa kawaida huwa na kiasi kikubwa zaidi cha viini vinavyozalisha sumu ya sianidi. Muhogo huo usipolowekwa au kuanikwa vya kutosha, huweza kuleta ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, ambao umewahi kutokea Congo, Msumbiji na Tanzania. Kwenye maji ulimi hunyamaza mara nyingi. Vimelea vya kipindupindu havina ladha. Floridi, madini yanayoyeyuka majini, haina ladha, haina rangi wala harufu, na katika sehemu nyingi za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro maji ya chemchemi na visima, matamu na angavu, huwa nayo kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa kikomo. Watoto wanaoyanywa katika miaka ambayo meno ya kudumu yanajengeka ndani ya fizi huota meno yenye madoa ya kahawia, na floridi ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Kuyachemsha maji hayo huua vimelea, lakini floridi hubaki na kuzidi kukolea kadiri mvuke unavyotoka. Kinachosaidia ni kuyapitisha kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha. Mkaa huo huinasa floridi, na ukishajaa hauna budi kubadilishwa, kwa kuwa mnywaji hataonja tofauti yoyote.